Kulala Kwenye Kempa Msimu wa Baridi Ili Kuokoa Pango: Piga Hesabu Hii Kwanza



Msomaji wetu mmoja aliyeko Fargo, North Dakota, ametuuliza swali ambalo nadhani wengi mnalo moyoni ila hamjalitamka. Anafanya kazi ghalani. Nyumba yake kule Mwanza imefika kwenye lenta na fundi anasubiri hela ya kuezeka. Mwezi wa kumi alichukua likizo akaenda kufanya mavuno ya viazisukari katika bonde la Red River, zamu za saa 12. Huko aliona Wamarekani, wengi wao wastaafu, wanalala kwenye magari ya nyumba. Wengine walikuwa na pikapu zilizobeba kempa mgongoni. Mwajiri anawalipia mahali pa kuegesha, pango hawana.

Sasa anauliza: "Mimi nalipa dola 700 kwa chumba, joto humo humo. Nikinunua kempa iliyotumika nikaipandisha kwenye pikapu yangu, nikalala humo Novemba mpaka Machi, si hizo 700 zote zinakwenda kwenye bati?"

Jibu fupi: kuishi kwenye kempa wakati wa theluji inawezekana, watu wanaishi. Ila ile 700 haitabaki 700. Kwenye baridi ya kaskazini, hela unayoiondoa kwenye pango inahamia kwenye gesi, betri, matairi na bima. Na akiona inazidi kupungua, mtu huanza kubana kwenye joto. Hapo ndipo wengine wanapopotezea maisha. Twende polepole.

Wale uliowaona Oktoba, Januari wako wapi?

Tuanze na hili kwa sababu ndilo linalodanganya macho. Mavuno ya viazisukari huanza karibu na tarehe 1 Oktoba, na kwa wengi kazi huisha baada ya wiki mbili tatu, ikitegemea hali ya hewa. Baridi ya Oktoba Fargo ni ya kuvumilika. Wale wazee wakishalipwa, wanafunga virago wanaelekea kusini: Texas, Florida, Arizona. Karibu na mji wa Quartzsite, Arizona, kuna ardhi ya serikali ya shirikisho ambako watu hupewa kibali cha kukaa msimu mzima, kuanzia 15 Septemba hadi 15 Aprili. Maelfu ya magari ya nyumba hukaa huko jangwani.

Kwa hiyo ulichokiona si watu wanaoishi kwenye kempa wakati wa baridi. Uliona watu wanaoikimbia baridi kwa kutumia kempa. Kifaa kimoja, matumizi mawili tofauti kabisa. Januari, usiku wa kawaida wa Fargo hushuka mpaka nyuzi 18 chini ya sifuri, na siku mbaya hufika 30 chini ya sifuri. Kempa nyingi hazikutengenezwa kwa ajili ya hali hiyo. Ukuta wake una unene wa inchi chache tu, na baridi inaingilia pande zote sita, chini kukiwemo.

Hesabu ya joto

Kempa nyingi zina hita ya gesi iliyojengewa ukutani. Inavuta hewa kutoka nje, inachoma gesi ndani ya chemba iliyofungwa, moshi unatoka nje kwa bomba, na feni inasukuma joto chumbani. Hii ndiyo hita salama, kwa sababu moto wake na hewa unayovuta wewe havikutani.

Tuchukue hita ya BTU 20,000 kwa saa, saizi ya kawaida kwa kempa ya pikapu. Galoni moja ya gesi ya propeni ina joto la BTU 91,500 hivi. Usiku na mchana wa Januari, tuseme hita inawaka nusu ya muda, yaani saa 12 kati ya 24. Hiyo ni BTU 240,000 kwa siku, sawa na galoni 2.6.

Mtungi wa paundi 20, ule wa kawaida wa kuchomea nyama, unabeba galoni kama 4.7. Kwa hiyo mtungi mmoja haufiki siku mbili. Kwa mwezi ni galoni 79, karibu mitungi 17. Tukikadiria dola 4 kwa galoni, ni dola 315. Kwako bei inaweza kuwa juu au chini ya hapo, weka bei yako upige upya. Na fikiria pia hiyo mitungi 17: nani anaipeleka kujazwa, saa ngapi, ukiwa umetoka zamu ya usiku?

Kuna wanaosema, "Nitachomeka hita ya umeme." Sawa, kama uko kambini kwenye umeme. Hita ndogo ya wati 1,500 ikiwaka saa 24 inakula uniti 36 kwa siku, uniti 1,080 kwa mwezi. Kwa senti 13 kwa uniti, ni dola 140. Itapunguza gesi karibu nusu. Lakini kama kambi inakulipisha umeme kwa mita, umehamisha hela kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Faida ipo tu kama umeme umo ndani ya bei ya nafasi. Na angalizo: kempa nyingi zina waya wa ampea 30, yaani wati 3,600 kwa jumla. Hita mbili za namna hiyo tayari zinakula 3,000. Ukiwasha maikrowevu juu yake, umeme unakatika. Na ukitumia waya mwembamba wa dukani kuunganisha, unaweza kuanzisha moto.

Hesabu ya mwezi mzima

Hii ni mifano ya makadirio kwa Januari, si bei za mahali fulani:

- Nafasi ya kambi inayobaki wazi wakati wa baridi: dola 450
- Gesi: dola 315
- Bima ya kempa: dola 45
- Kufua nguo na kuoga nje: dola 60
- Mafuta ya ziada ya pikapu, vifyonza unyevu, dawa ya mabomba: dola 50

Jumla dola 920. Chumba chako ni 700, joto ndani. Umepoteza 220 kila mwezi kwa kulala kwenye boksi la bati.

"Basi sitalipa kambi, nitaegesha mtaani." Hapo jumla inashuka mpaka 470 na umeokoa 230. Novemba na Machi gesi hupungua, kwa hiyo tuseme msimu mzima unabakiza dola 1,500. Kempa iliyotumika umeinunua, tuseme, dola 8,000. Itakuchukua misimu mitano na zaidi kurudisha hela yako. Ni kweli unaweza kuiuza baadaye, lakini kempa iliyopasuka mabomba na kuota ukungu haiuziki kwa bei uliyonunulia.

Na kulala mtaani si bure kama inavyoonekana. Miji mingi ya kaskazini hukataza kuegesha kwenye barabara kadhaa theluji ikianguka ili magreda yapite, na gari linalozuia huvutwa. Mingine inakataza kulala ndani ya gari kabisa. Maduka makubwa mengine huruhusu usiku mmoja ukiomba kwa meneja, mengine hayataki. Ukivutwa mara moja, akiba ya mwezi imekwenda na nyumba yako iko kwenye yadi ya watu.

Usibane hapa: hewa unayolala nayo

Sehemu hii naomba usiiruke.

Kila mtu aliyekulia kwetu amesikia habari ya waliolala na jiko la mkaa chumbani, madirisha yamefungwa, asubuhi hawakuamka. Kilichowaua ni kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Inaingia kwenye damu inachukua nafasi ya oksijeni. Kwenye kempa ni gesi ile ile, ila chumba ni kidogo zaidi ya chumba cha kupanga Manzese, kwa hiyo inajaa haraka zaidi. Marekani zaidi ya watu 400 hufa kila mwaka kwa gesi hii bila kukusudia, ukiacha vifo vya kwenye moto, na msimu wa baridi ndio mbaya zaidi.

Njia ambazo watu hujiua nazo wakijaribu kupunguza gharama:

1. Kuwasha jiko la kupikia ili kupata joto, halafu wakasinzia.
2. Kutumia hita ya kubeba isiyo na bomba la moshi, tena imewekwa kwa kulala usiku kucha. Hizi zinahitaji dirisha liwe wazi kidogo na mtu awe macho.
3. Kuweka jenereta karibu na mlango au chini ya kempa ili isiibiwe. Jenereta inatakiwa iwe angalau futi 20 kutoka kwenye kempa, na moshi uelekee kwingine. Hata futi 20, kama upepo unarudisha moshi kwako, isogeze.
4. Kuacha injini ya pikapu ikinguruma usiku huku theluji imeziba bomba la eksozi.
5. Kuingiza mkaa au jiko la kuchomea nyama ndani. Hili halina mjadala.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kuishiwa nguvu. Tatizo ni kwamba mtu aliyetoka zamu ya saa 12 anadhani ni uchovu au mafua, anajifunika blanketi. Ukiona dalili hizo ndani ya kempa, toka nje kwanza, hata kama ni usiku wa manane na baridi inauma. Kisha piga 911.

Nunua king'ora cha kaboni monoksaidi. Si ghali, ni bei ya mitungi miwili ya gesi. Kempa iliyotumika mara nyingi huja na king'ora cha zamani ambacho taa yake inawaka lakini hakifanyi kazi tena, kwa sababu vifaa hivi vina muda wa kuisha, kati ya miaka 5 na 10 kutegemea aina. Tarehe imeandikwa nyuma. Kama imepita, tupa, weka kipya. Weka pia cha moshi na cha kuvuja kwa gesi.

Nasema haya kwa sababu sote tuko kwenye magrupu ya WhatsApp. Tunajua michango ya kusafirisha mwili inavyochangishwa, na tunajua inavyochosha. Nyumbani walisubiri bati.

Betri, maji na unyevu

Hita ya gesi haiwaki bila feni, na feni inakula betri. Tuseme inavuta ampea 4. Kwa saa 12 ni ampea-saa 48. Betri ya kawaida ya asidi ya 100 hutakiwi kuitumia zaidi ya nusu, yaani 50. Na kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri inaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu yake. Maana yake saa nane au tisa usiku feni inalegea, hita inazima, na mtungi wa gesi bado umejaa. Betri za lithiamu zinatoa umeme vizuri zaidi, lakini nyingi hazitakiwi kuchajiwa zikiwa chini ya sifuri. Ukilazimisha, zinaharibika moja kwa moja. Zinakaa ndani, kwenye joto. Na sola usiitegemee: Desemba Fargo ina mwanga wa jua kama saa nane na nusu tu kwa siku, tena jua liko chini, na paneli imefunikwa theluji.

Maji nayo: yakiganda hutanuka kama asilimia 9, na hapo bomba la plastiki, pampu na tangi vinapasuka. Hutajua mpaka yayeyuke. Wanaoishi kwenye baridi kali kwa kawaida humwaga maji yote kwenye mfumo, wanapitisha kwenye mabomba dawa ya pinki ya kuzuia kuganda iliyotengenezwa kwa magari ya nyumba, halafu wanatumia madumu ya maji ndani. Usichanganye na ile ya rejeta ya gari, ile ni sumu. Na mimina kidogo hiyo ya pinki kwenye tangi la maji machafu pia.

Halafu unyevu. Kupumua kwako, kupika, kukausha makoti, vyote vinatoa mvuke. Gesi yenyewe ikichomwa kwa jiko la wazi hutoa maji: kilo moja ya propeni hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji. Mvuke ukigusa ukuta wa baridi unakuwa matone, matone yanakuwa ukungu, godoro linalowa upande wa chini. Dawa yake inashangaza wengi: fungua tundu la juu kidogo, hata kama ni baridi. Utapoteza joto kidogo lakini utalala pakavu. Inua godoro hewa ipite chini yake, na usikaushe nguo ndani.

Pikapu yako inaweza kubeba?

Kabla ya kuangalia kempa, fungua mlango wa dereva. Kuna kibandiko kinachosema jumla ya uzito wa watu na mizigo usizidi paundi kadhaa. Pikapu za daraja la F-150, Silverado 1500 au Ram 1500 mara nyingi huwa kati ya paundi 1,500 na 2,000. Kempa nyingi zenye kitanda, jiko na choo huzidi paundi 2,000 zikiwa tupu. Ongeza maji: galoni moja ni paundi 8.3, galoni 30 ni karibu 250. Ongeza mitungi, betri, vyombo, nguo, wewe mwenyewe. Umeshazidi.

Kwa kempa ya kuishi, watu wanatumia pikapu za daraja la 250 au 350. Kama yako ni ndogo, basi bei ya mradi wako si 8,000 tena, ni kempa pamoja na gari jipya. Usimsikilize muuzaji anayesema, "Weka springi za hewa itabeba tu." Springi za hewa zinainua nyuma isilale. Haziongezi uwezo wa ekseli wala breki.

Matairi ni hivyo hivyo. Angalia alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ubavuni mwa tairi. Hiyo ndiyo alama ya tairi lililopimwa kwenye theluji. Hakikisha pia linabeba uzito huo. Na pima upepo asubuhi kukiwa na baridi: kila joto likishuka nyuzi 5 au 6, tairi hupoteza kama psi moja.

Barabarani

Kempa iko juu, kwa hiyo gari linayumba kwenye kona na upepo unalisukuma kama tanga la jahazi. Ongeza barafu chini, halafu zingatia haya:

- Gari la kuvuta miguu yote minne linakusaidia kuondoka. Halikusaidii kusimama. Kwenye barafu, umbali wa kusimama unaweza kuwa mara kumi ya barabara kavu.
- Punguza mwendo mapema, acha nafasi ya sekunde 8 au zaidi na gari la mbele. Kanyaga breki na kata usukani taratibu, usifanye kwa ghafla.
- Usitumie mfumo wa kushikilia mwendo barabara ikiwa na maji, theluji au barafu.
- Madaraja huganda kabla ya barabara, kwa sababu baridi inapita juu na chini. Na barafu nyeusi huioni. Lami inaonekana kama imelowa tu.
- Safisha theluji juu ya paa kabla ya kuondoka. Inaongeza uzito, na ikiteleza kwa mbele inakufunika kioo.
- Funga gesi kwenye mtungi ukiwa barabarani.
- Kama pikapu ni ya dizeli, jaza mafuta ya huko huko kwenye baridi. Dizeli uliyojaza kusini inaweza kuwa nzito kama uji inapokutana na baridi ya kaskazini, na gari likazima.

Kabla ya safari piga 511, au angalia tovuti ya barabara ya jimbo unalopita. I-29 na I-94 pale Fargo hufungwa dhoruba ikizidi. Ukielekea magharibi kwa I-80, kipande cha Wyoming kati ya Cheyenne na Rawlins kina sifa mbaya ya upepo. Pale Sherman Summit, mashariki mwa Laramie, barabara inafika futi 8,640, sehemu ya juu kuliko zote kwenye I-80. Mara nyingine huwa wazi kwa magari madogo lakini imefungwa kwa magari marefu mepesi. Na Colorado, kwenye I-70 kati ya Dotsero na Morrison, kuanzia 1 Septemba hadi 31 Mei lazima uwe na matairi yanayofaa au minyororo ndani ya gari, hata kama siku hiyo jua linawaka.

Ukikwama, usitoke kutembea kutafuta msaada kwenye dhoruba. Kaa kwenye gari. Washa injini dakika kama 10 kwa saa, na kila kabla ya kuwasha toka usafishe theluji kwenye bomba la moshi. Fungua dirisha upenyo kidogo.

Anwani, benki na kutuma hela

Hili wengi hawalifikirii mpaka limewakuta. Ukiacha nyumba, unaacha anwani.

Kama si raia wa Marekani, karibu wote mnatakiwa kuwajulisha idara ya uhamiaji ndani ya siku 10 mkihama. Barua ya uhamiaji ikienda kwenye anwani ya zamani na ukakosa tarehe, hakuna kempa itakayolipa hasara hiyo. Tafuta ndugu au rafiki wa kuaminika akuruhusu kutumia anwani yake, mkubaliane kabisa, na barua uzifuate kila wiki.

Benki nazo zinataka anwani ya makazi, si sanduku la posta tu. Wapo wanaoishia kukaa na pesa taslimu. Kuanzia 1 Januari 2026, kutuma hela nje ya Marekani kwa pesa taslimu, hawala ya posta au hundi ya benki kunatozwa asilimia 1. Ukituma kutoka akaunti yako ya benki ya Marekani au kadi iliyotolewa huko, huilipi. Kwa dola 700 ni dola 7 kila unapotuma. Si nyingi, lakini kwa mwaka ni bati kadhaa.

Bima nayo uliza kwa maandishi: je, inalipa kama unaishi humo muda wote? Nyingi za kawaida zimeandikwa kwa watu wa mapumziko ya wikendi. Ukificha, siku ya moto au ajali wanaweza kukukatalia.

Basi afanye nini?

Kwa ndugu yetu wa Fargo, ushauri wangu ni huu: baridi hii baki kwenye chumba chako. Kempa kwa Novemba mpaka Machi pale ulipo haikupi dola 700. Ukilipa kambi unapata hasara, usipolipa unapata dola mia mbili na kitu pamoja na usiku mrefu wa wasiwasi.

Kama wazo la kempa bado linakuvutia, lipe masharti matatu. Kwanza, kazi itoe mahali pa kuegesha penye umeme, kama kule kwenye mavuno, au ikupeleke kusini wakati wa baridi. Pili, pikapu iwe inabeba kwa kibandiko, si kwa maneno ya muuzaji. Tatu, king'ora kipya kiwe ukutani kabla hujalala humo usiku wa kwanza. Yakitimia yote matatu, inunue wakati wa baridi wenye nazo wanapotaka kuziuza, uikague vizuri kama ina ukungu, uianze wakati wa joto.

Kwa sasa hela ya bati itafute mahali pengine. Mkiongeza mtu wa tatu ndani ya nyumba kwa idhini ya mwenye nyumba, kila mmoja anapumua. Mavuno ya Oktoba ijayo yapange mapema. Tenga kiasi kinachojulikana kila ukilipwa, hata kama ni dola 150, ukiweke kwenye akaunti ambayo huigusi.

Na jambo la mwisho. Usimpigie fundi kumwahidi tarehe kwa hesabu ambayo hujaipima. Mwambie ukweli: lenta iko imara, haitaanguka, isubiri masika yapite. Nyumba inaweza kusubiri mwaka. Wanaoisubiri wanakusubiri na wewe.

Ukiwa na makadirio ya mji wako, gesi, kambi na pango, tutumie. Tutakupigia hesabu hapa hapa, wengine wajifunze.